Mlio wa tupa

Leo jirani ameunguza mawese, na harufu imenirudisha kwenye karakana ya baba.

Baba alifua visu kwa chuma cha resori, yaani springi, za malori, akapima moto kwa kuangalia rangi, akavizamisha vikiwa vyekundu ndani ya mawese ili viwe vigumu. Kazi yangu ilikuwa kuvijaribu kwa tupa, kile chuma chenye meno cha kunolea. Tupa ikiteleza na kulia, chuma ni kigumu. Ikikwaruza, ni laini, na kisu kinarudi motoni. Siku moja ilikwaruza. Wenzangu walikuwa wananiita mpirani, nikasema kisu ni kizuri.

Barabara ya Tchomia, kule ziwani, ilipofunguliwa tena, mama muuza samaki aliyekinunua alikirudisha kikiwa kimepinda.

"Muzee, hii ni kisu ao ni kijiko?"

Baba alicheka kidogo, akampa kingine. Kisha akanigeukia.

"Weye ulisikia tupa inalia?"

"Ndiyo, papa."

"Basi ni macho yangu. Haioni tena muzuri rangi ya moto."

Wiki ile alimwachia mdogo wake kazi ya moto, akakaa mlangoni kuchonga mipini. Alichonga mipini mpaka alipofariki, na kila aliyemuuliza sababu, baba alimwambia kwamba ni macho, kwani sikio la mtoto wake halikosei.