Wa Pili

Harufu ya iliki ikipanda jikoni, mimi hukumbuka siku shule zilipofungwa kule Changamwe. Binti wa jirani alikuwa wa ishirini, na mamake alimkaangia mahamri huku akipiga vigelegele. “Mashallah, mwanangu amepanda!”

Mimi nilikuwa wa pili. Baba alirudi kutoka bandarini, akaniuliza, “Huyo wa kwanza ana vichwa viwili?”

“La, baba.”

Jirani akaniita dirishani nikale nao. Baba akamjibu, “Ahsante, mama. Aliyeshindwa hali karamu.”

Niliketi chumbani nikiwasikia wakicheka ng’ambo ya ukuta.

Muhula uliofuata nikawa wa kwanza. Nilimngoja baba mlangoni. Alizitazama alama zangu, kisha akauliza ile hesabu moja niliikosea vipi.