Chupa Isiyolia

Hapa kisiwani Chisenga nyumba zetu za wavuvi ni za majani. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Mama wa dawa, anayetuletea vidonge kutoka kliniki, anajua hivyo. Akishuka mtumbwini anaingia kila nyumba, hata isiyo na mgonjwa, anaonja samaki, anabeba watoto, ili pasiwe na mlango wa kunyooshewa kidole. Kwangu hukaa chini, mikono yake minene ikichana kitenge kikuukuu. Anashindilia kitambaa ndani ya chupa ya vidonge vyangu vya UKIMWI, anaifunika, anaitikisa karibu na sikio. Ikilia hata kidogo anaanza upya, huku akiimba polepole wimbo wa kanisani.

Siku ya kwanza nilimrudishia chupa ile. "Mama, miye siwezi. Batu bakisikia hii kelele, bote batajua." Akaijaza kitambaa, akaitikisa: kimya. "Nani alikufundisha hii?" nikamuuliza. Akatia mkono ndani ya blauzi yake, akatoa chupa nyingine kama yangu, maandishi yake yamefutika kwa jasho, akaitikisa karibu na sikio langu. Nayo haikulia. Kisha nikaenda kuchota maji, vikombe viwili.