Chapati za Tata Njeri

Nilipokuwa mtoto kule Mau Narok, wanaume wa kijiji chetu waliamini kwamba siku ya mechi, mchezaji na watu wa nyumba yake hawafai kuonja chakula kilichotoka upande wa wapinzani. Wakila, walisema, miguu ya mchezaji itafungwa. Sijui imani hiyo ilianzia wapi, ila kila mtu alikuwa na kisa cha kuithibitisha.

Baba alikuwa golikipa. Wapinzani wetu wakubwa walikuwa kijiji cha ng'ambo ya mto, na huko ndiko dada yake wa pekee, shangazi yetu Tata Njeri, alikuwa ameolewa. Kila Jumapili baada ya kanisa, Tata alivuka mto na sufuria iliyofungwa kwa leso, akamletea chakula mama yao, Cucu yetu, aliyeishi nasi na ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Jumapili ya mechi alikuja vilevile. Baba alikuwa ameshaenda uwanjani. Tata akanipa chapati moja, bado ina joto, nikaila nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikakimbilia uwanja wa shule.

Bao lililotumaliza halikuwa hata na nguvu. Mpira ulibingirika polepole, kama unaotafuta mahali pa kulala, ukapita katikati ya miguu ya Baba. Watu wa ng'ambo walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilifuta mafuta ya ile chapati midomoni kwa mkono wa shati.

Baba alirudi nyumbani na wenzake wawili wa timu. Wakamkuta Tata bado ameketi na Cucu, sufuria iko kati yao.

"Hiyo chakula imetoka wapi?" Baba akauliza.

"Ni ya mama," Tata akasema. "Kama kawaida."

"Leo? Na unajua tunacheza na watu wako? Nani amekula?"

"Ni mimi, Baba," nikasema. Niliamini kabisa kwamba ni mimi niliyemfunga miguu.

Wale wenzake wakatazamana. Baba akachota maji, akatia chumvi, akanisimamisha uani mbele yao nisukutue mdomo. Nilisukutua na kutema, nikasukutua na kutema, huku mmoja wao akisema, "Mpaka itoke yote." Kisha Baba akainua sufuria, akazimwaga chapati nje ya ua. Mbwa walikuja mara moja.

"Njoroge," Tata akasema kwa sauti ndogo, "hizo zilikuwa za mama."

Cucu, ambaye hakuona vizuri lakini alisikia yote, akauliza, "Mpira umeisha leo. Dada yako utamfanya nini kesho?"

 Tata aliokota sufuria yake, akaifuta kwa leso, akaenda. Hakurudi Jumapili iliyofuata wala nyingine. Cucu akawa anauliza, "Njeri amefika?" na Mama anamwambia mto umejaa. Alimwambia hivyo hata kiangazi, tulipokuwa tunauvuka kwa kukanyaga mawe.

Tata alirudi siku ya kumzika Cucu. Tulimwona akiingia na watu wa ng'ambo, na akaketi nao, kwenye hema la wageni. Binti wa marehemu, kwenye hema la wageni! Minong'ono ikapita. Baba alimwona. Aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu, akakaa ameinama muda mrefu, na alipoinuka, mhubiri alikuwa ameanza kuomba.

Siku hizi naishi Nakuru mjini. Vijana wa mtaa wetu hutukanana kwa sababu ya timu za nchi ambazo hawatawahi kuzikanyaga, na juzi mmoja alimfukuza ndugu yake sebuleni ati anawaletea mkosi. Watu walicheka. Mimi nilishindwa.

Nimejiuliza kama Baba aliamini kweli mambo ya kufungwa miguu. Nadhani hakuamini sana. Alikuwa amechekwa na uwanja mzima, na mtu aliyekuwa karibu, ambaye hangemrudishia, alikuwa dada yake. Hilo ndilo linaloniinamisha kichwa hadi leo, kwa sababu ni baba yangu na ninampenda. Sasa ni mzee, na Tata bado yuko hai, mwendo mfupi tu kutoka kwake. Kila nikienda nyumbani humwambia, "Baba, twende nikusindikize." Hunijibu kwamba miguu inamuuma.