Mama Asome Kabla ya Krismasi

Tulipohamia Rwamgasa kutoka Kishapu, mama alifungua kibanda cha chakula karibu na machimbo, akajiwekea lengo moja: kabla ya Krismasi asome somo mwenyewe kwenye jumuiya, zile sala za majirani zilizozunguka nyumba hadi nyumba kila Jumamosi. Hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Mwalimu wake nikawa mimi, binti wa darasa la sita, mwepesi wa hasira.

Kila mchana wachimbaji wakishakula, tuliacha sufuria zilowe, tukakaa benchini na Biblia. Nilisoma, naye akarudia, kidole kikitembea kwenye mstari. Baada ya miezi miwili akanisomea somo zima bila kukwama. Kichwa kilinivimba, mpaka nilipotazama kidole chake: kilikuwa kwenye ukurasa mwingine kabisa. Alikuwa amelikariri lote kwa kunisikiliza tu.

"Mama, wewe husomi, unakariri," nikamwambia, nikafunga kitabu kwa kishindo.

Akainuka, akaenda kuosha sufuria. Kesho yake hakuja kukaa, na mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi kupata muda wa kucheza rede. Mara nyingine nilimkuta amesimama mbele ya mifuko ya unga yenye maandishi, midomo ikichezacheza. Nilidhani anasali.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, jumuiya ikaja kwetu. Mwenyekiti akampa mama Biblia, akamfungulia somo ambalo sikuwahi kumsomea. Nikasogea karibu naye. Mama akaanza: neno moja, kimya, neno lingine. Alipokwama nikafungua mdomo nimsaidie. Akaniwekea kiganja gotini, akanibana kidogo, akaendelea mwenyewe hadi mwisho.

"Wabeja, mama, wabeja sana," majirani wakamshukuru kwa Kisukuma. Mimi nililia, kwa furaha na kwa aibu pia.

Siku hizi amerudi Kishapu, nami niko Geita mjini. Ananiandikia ujumbe kwa simu, herufi kubwa tupu. Nikimpigia, humuuliza kama kuna tangazo la kijiji au karatasi ya dawa nimsomee.

"Nilishaisoma," hunijibu.

Najivunia sana, na bado inaniuma. Natamani aniombe nimsomee mara moja tu, nami safari hii nisiwe na haraka.