Dakika Kumi za Mjomba

Mjomba wangu ni mpiga picha, na mji mzima unamjua kwa jina la Dakika Kumi. Studio yake ni chumba kimoja chenye pazia la buluu, stuli moja, na kitana kilichofungwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Lakini riziki yake hasa iko nje, kwenye harusi, pale jua linapokaribia kuzama na nyuso zote zinapopata rangi ya asali. Kwetu, karibu na ikweta, mwanga huo hauna subira. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi, na ukienda kutafuta viatu vyako, ukirudi ni giza. Ndiyo maana mjomba amezoea kukimbiza watu. Amewahi kumnyanyua bibi harusi mezani na tonge mkononi. Hamsubiri mtu, na haoni haya kusema hivyo.

Dada yangu alipoolewa huku kaskazini ya mbali, tulikohamia na mama miaka kumi na mitano iliyopita, hakutaka mpiga picha mwingine. Mjomba akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, mwezi wa sita, kamera mbili begani. Siku ya pili alinigongea mlango saa kumi alfajiri, amevaa suruali ya pasi, akinilaumu kwamba tumelala mpaka mchana. Nilimwonyesha saa. Aliitazama kama saa ndiyo mwongo.

Siku ya harusi mama hakuwepo. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee katika mji mwingine, na aliyetakiwa kupokea zamu yake hakutokea. Wazee wale huwezi kuwaacha peke yao. Alipiga simu, akasema atafika kwa treni ya saa nne na robo usiku. Dada akameza machozi, akaolewa bila mama. Baada ya hapo aliomba kitu kimoja tu: picha moja na mama, akiwa bado ndani ya gauni lake, nje, si ukumbini chini ya taa za umeme.

Mjomba alimwambia hilo asahau. Saa tatu kasorobo, chakula ndiyo kwanza kinapakuliwa, aliona dirisha limegeuka manjano, akaruka kitini. Alitutoa wote ukumbini, watu sitini, akatupanga uani, wewe mrefu nenda nyuma, wewe shusha mkono, nina dakika kumi tu. Zikapita kumi. Zikapita ishirini. Ikapita nusu saa, na jua lilikuwa pale pale juu ya mabohari, limesogea kidogo kulia. Chakula kilipoa, wageni wakaanza kununa, na mjomba akabaki ameduwaa, kamera imemning'inia kifuani.

Shemeji yangu, yaani bwana harusi mwenyewe, ni fundi wa paa, naye ndiye aliyemweleza. Alisema kule ikweta jua linashuka wima, kama mtu anayeteremka ngazi, ndiyo maana linafika chini upesi. Huku, majira ya joto, linashuka mshazari, kama maji kwenye paa lenye mwinamo mdogo. Linatambaa ukingoni mwa dunia, na hata likishazama linakuwa halijaenda mbali. Ukizidi kwenda kaskazini mwinamo unazidi kulala, mpaka ufike mahali ambapo mwezi huu halizami kabisa. Mjomba akauliza leo litazama saa ngapi. Shemeji akasema saa nne na dakika ishirini, na hata likishazama mtu anaweza kusoma gazeti nje kwa saa nzima.

Mjomba hakubisha, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliturudisha ndani tukale, yeye akabaki kwenye benchi uani, akitazama anga.

Mama alifika saa nne na nusu, anatweta, viatu vya kazi bado miguuni. Jua lilikuwa limezama, na bado ungeweza kuhesabu vifungo vya gauni la dada. Mama alianza kuomba radhi kabla hata hajatusalimia. Mjomba alimwambia apumue kwanza, akanawe uso, abadilishe viatu, hakuna haraka. Kisha akawapiga picha, dada na mama, kwa dakika arobaini. Dada alilia, akacheka, akalia tena, na mjomba akamsubiri kila mara.

Tulipomaliza, mama aliketi kwenye benchi, mjomba akasimama mbele yake akifuta lenzi.

"Ile siku baba yetu alipotimiza miaka sabini," mama alimwambia, "nilitoka kazini mbio hivi hivi. Nikakuta umeshafunga kamera. Sina picha na baba hata moja."

"Jua lilikuwa limezama, dada. Unajua kwetu kulivyo."

"Najua. Lakini mlikuwa bado mmekaa pale pale, na baba yumo. Na flashi ulikuwa nayo."

Mjomba aliacha kufuta. Sikuwahi kumwona mtu mzima akikosa pa kuweka mikono yake namna ile.

"Nilikuwa nayo," alisema. "Nilikuwa nimekasirika kwamba umechelewa."

Mama hakumwambia yamekwisha. Alisogea, akampisha nafasi kwenye benchi.