Kidole Gumba cha Mama Rehema

Mwanahawa alikaanga samaki nje ya geti la bandari ya Mtwara, na hakuna aliyemshinda kwa kumtambua samaki aliyeoza. Alimbonyeza ubavuni kwa kidole gumba: nyama ikirudi, mzima; kishimo kikibaki, tupa. Makuli walimwamini kuliko daktari, naye, tusifichane, alijiamini kuliko walivyomwamini wao.

Ndiyo maana Hassani alipata taabu. Kijana huyo wa Msimbati, mvuvi wa mshipi, alipotuma wazee kumposa Rehema, binti pekee wa Mwanahawa, aliyekuwa mjane, aliwabebesha samaki mkubwa mweusi. Mwanahawa akambonyeza palepale mkekani. Kidole kikazama kama kwenye uji.

"Mnatuletea uozo?"

Wazee wakaapa kwamba kavuliwa alfajiri ileile, kwenye kina kirefu mbele ya mdomo wa Ruvuma. Wapi! Posa ikarudishwa, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari. Rehema akaacha kula.

Siku chache baadaye Mwanahawa alimsimulia mkasa huo Josephu, karani wa idara ya samaki, aliyekuwa akiwasaidia Wazungu wa meli ya utafiti iliyofunga gatini. Alitegemea acheke. Josephu akaacha kutafuna.

"Mama Rehema, hebu njoo melini uone kitu."

Melini kulikuwa na tangi la maji ya baridi, na mashine ikiyasukuma maji yaende kwa kasi. Samaki mweusi, ndugu wa yule, alipiga mkia mara chache, akachoka, akaachia maji yamrudishe nyuma.

"Wanampima nguvu za kuogelea," Josephu akasema. "Huko chini ni giza, mama, hakimbizi wala hakimbizwi. Anakaa, anangoja mlo upite. Nyama ngumu ya nini? Yake imejaa maji tu."

Mwanahawa akaomba ruhusa, akatumbukiza mkono, akabonyeza. Kishimo kikabaki. Samaki akafungua na kufunga matamvua, akaenda zake polepole.

Alishuka ngazi kichwa kikimzunguka. Kaoza, lakini anaogelea! Kama kidole kimedanganya leo, jana je? Na jodari aliyemtupa juzi? Jioni hiyo alisahau kumpaa samaki changu, akamkaanga na magamba yake.

Nyumbani akamwambia bintiye, "Samaki wa Hassani alikuwa mzima. Nadhani. Sijui. Mwambie mjomba wako awaite tena wale wazee."

Rehema hakufurahi kama mama yake alivyotarajia. "Mjomba atawaita, mama. Lakini mtaa mzima unamwita Hassani muuza uozo. Hao nani atawaambia?"

Mwanahawa akaanza kutafuta kanga yake. Aanzie wapi? Nani atakubali kwamba samaki laini ni mzima, na ni yeye mwenyewe aliyewafundisha wote kubonyeza?

"Mimi," akasema mwishowe. Akajitanda kanga, akaenda kubisha hodi nyumba ya kwanza, hajui hata atasema nini.