Nilitumwa kupima bei ya nyumba Ruiru, kumbe wall unit ya jirani imeficha ufa

Wakuu, mko aje. Jana kwenye uzi mwingine kuna mtu alisema valuer ni mtu wa kuzunguka nyumba mara moja, kunywa chai, halafu anabuni bei. Nilicheka, kwa sababu hiyo ya chai ni kweli.

Hayo mengine wacha niwaambie. Haya yalinipata mimi mwenyewe, majina tu ndiyo nimebadilisha, so msiniulize ni estate gani.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi ni valuer kijana, nina tai mbili na tape measure ya ofisi, najiona nimefika.

Kiwanda kimoja cha nguo kule Eneo la Viwanda Thika kilikuwa kinahamisha supervisors wake kwenda branch ya Mombasa. Shida ikawa nyumba. Mtu amejenga Ruiru kwa jasho lake, unamwambia aende Mombasa, nyumba amwachie nani?

Na kuuza wakati huo ilikuwa kazi bure. Mitumba imejaa kila soko, viwanda vya nguo vinatetemeka, kila wiki rumour mpya. Leo mtu wa Mugutha anakutajia bei ya plot akiwa ameweka miguu juu ya meza, kesho anakufuata hadi stage akuuzie nusu. Hakuna mtu alijua soko linaelekea wapi. Hata sisi ma-valuer hatukujua, ila tulikuwa tunasema "market is adjusting" na uso mkavu.

So kampuni ikasema itanunua hizo nyumba yenyewe. Wanatumwa valuer wawili, kila mtu kivyake, halafu inachukuliwa bei ya katikati. Zikipishana sana, wote wanarudi kwa nyumba pamoja na personnel manager, na hapo inaamuliwa kama kampuni inanunua ama inaachana nayo.

Nyumba niliyopewa ilikuwa ya supervisor mmoja, tumwite Mwaura. Bibi yake, Mama Shiru, alikuwa amesema wazi: hiyo bei ikikosa kutosha nyumba ingine Mombasa, yeye na watoto hawatoki Ruiru. Mwaura aende akakodi chumba, awe anakuja Christmas. Na hakuwa anacheza. Mwaura aliniambia hayo kwa gate kabla hata sijaingia, na niliona mtu ameshikwa pabaya.

Sasa nikaingia.

Wueh. Hiyo sitting room hukuwa na mahali pa kuweka mguu. Seti mbili za sofa. Fridge mbili, moja haijawekwa stima. Wall unit kubwa imegusa ceiling, imejaa glasi. Saa tatu za ukutani na kila moja inasema yake.

Baadaye ndiyo nilielewa. Valuer wa kwanza alikuwa amekuja siku chache kabla, akaandika bila kusema neno, akatoka amekunja uso. Mama Shiru akaamua ni kwa sababu nyumba inaonekana ya maskini. Basi wamama wa chama chake wakambebea vitu vyao, mtaa mzima ukajaa hapo. Hakuna mtu alimwambia kwamba sisi hatuhesabu sofa. Tunapima kuta, paa, plot, na majirani waliuza ngapi.

Kuna mama alikuwa anachungulia dirishani kila mara. Nikadhani ni udaku tu. Kumbe anachunga fridge yake.

Mtu mmoja peke yake hakuwa kwa hiyo sherehe. Mamake Mwaura, yule watoto wanamwita Cucu, yaani nyanya, waliyemleta hapo kutoka shamba la Murera mzee wake alipofariki. Alikuwa amekaa kwa stool mlangoni mwa jikoni akichambua maharagwe. Nikamsalimia, akaitikia akiangalia maharagwe. Chai nililetewa na Mama Shiru, kwa vikombe vya jirani.

Mimi ni Mkamba, lakini nimekula kwa nyumba za Wakikuyu za kutosha. Cucu akikunyima hata neno la "kunywa chai," ujue kuna kitu. Nikadhani ni tai yangu haijampendeza.

Kazi nikafanya. Udongo wa huko ni black cotton, ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, so kitu cha kwanza unatafuta ni nyufa. Nikazunguka nje yote, mawe mazuri ya Ndarugu, hakuna hata mstari. Ndani pia safi. Ukuta mmoja tu, wa kando ya dirisha, ulikuwa nyuma ya ile wall unit, lakini upande wake wa nje nilishauona uko sawa. Nikaweka bei ambayo niliamini mtu angelipa ndani ya miezi michache, soko likiyumba vile lilikuwa linayumba.

Wiki iliyofuata simu ikalia ofisini. Bei yangu na ya mwenzangu zimepishana vibaya. Tunarudi Ruiru.

Mwenzangu alikuwa mzee mmoja mpole wa maneno machache. Personnel manager alikuwa Mr. Virdi, Sikh mzaliwa wa Thika. Kikuyu yangu ni ya kuomba maji, yake ilikuwa ya kubishana sokoni.

Tukaingia, nyumba iko uchi. Vitu vya watu vimerudishwa, imebaki wall unit peke yake, iliwashinda uzito. Yule mzee akaiangalia, akaniangalia, akasema hii haikuwa hapa. Tukaisukuma. Akavuta pazia refu lililobanwa nyuma yake.

Ufa, wakuu. Kutoka dirishani hadi sakafuni, unaingiza kidole, na plaster imelowa chini yote.

Mwaura alikalia mkono wa sofa yao. Mr. Virdi akasema kwa upole kwamba kama foundation inaenda, head office haitanunua kabisa. Mama Shiru hakulia wala kugomba. Alianza tu kukunja lile pazia, akasema basi, yeye na watoto wako hapa hapa. Nilisikia vibaya sana.

Ndiyo sauti ikatoka mlangoni mwa jikoni.

"Hiyo nyumba haijapasuka. Ni mimi nimeipasua."

Cucu. Alitumia kisu cha kumenya viazi. Alikuwa anasubiri watoto waende shule na mama yao aende sokoni, anachimba, kisha anamwagia maji ya vyombo. Alisikia watu wa kupima wanakuja, akafikiria nyumba ikikataliwa hakuna mtu atahama, na yeye hatarudishwa Murera kukaa na kuku.

Mwaura akamwangalia hadi nikaona haya kuwa hapo.

"Maitu, nani alikwambia unarudi Murera?"

"Na nani aliniambia naenda Mombasa?"

Mwaura akamwangalia bibi yake, bibi akamwangalia yeye. Kumbe Cucu alikuwa ametengewa chumba cha Mombasa kitambo. Walikuwa wameshagombana hadi juu ya dirisha lake liangalie wapi, na nyumba bila nafasi ya kupanda sukuma walikuwa wamekataa kwa ajili yake. Lakini hayo yote yalisemwa bedroom, mlango umefungwa, na kila mmoja akidhani mwenzake ameshamwambia.

Mama Shiru akaacha pazia, akaenda akakaa chini kando ya ile stool. Mr. Virdi akamwambia Cucu kitu kwa Kikuyu, Cucu akacheka huku anapangusa macho. Mpaka leo sijui aliambiwa nini.

Yule mzee alishachutama ukutani. Akakwaruza plaster, chini mawe mazima kabisa. Akarekebisha bei yake hapo hapo, kampuni ikanunua, na pesa ikatosha nyumba ya Mombasa.

Siku ya kuhama nilikuwa mtaa huo huo kwa nyumba ingine. Lorry imejaa, wamama wa chama wamesimama wakihakikisha hakuna kiti chao kimepanda. Cucu ameketi mbele karibu na dereva, leso mpya. Akaniita na mkono, akafungua thermos, akanijazia kikombe.

"Kunywa," akasema. "Ni ile nilikunyima."

Nimepima nyumba nyingi tangu hapo, Ruiru, Thika, Juja, kote. Nikiingia, kabla sijatoa tape measure, nauliza nani anaishi hapa, na huwa nauliza mpaka nifike kwa yule amekaa jikoni. Bei ya nyumba tuliijadili watu wote mpaka majirani. Mwenye alikuwa anahamishwa hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Nyinyi je, mliwahi kuhama, mkasahau kuambia mtu wa nyumba yenu? Andikeni hapo chini, nasoma zote.

Na wewe wa jana: ndiyo, chai tunakunywa.